Mwanya wa Milimita 4

Kati ya mlango wa mbele wa pikapu na fenda yake kuna mstari mweusi ambao watu wengi hawajawahi kuutazama. Unaanzia chini ya nguzo ya kioo cha mbele, unashuka nyuma ya tairi na kuishia kwenye kizingiti. Gari likiwa limefungwa vizuri, mstari huo una upana wa milimita 4 hivi kutoka juu hadi chini, na jicho hupita bila kusita. Ukipanuka milimita moja na nusu juu na kubana kiasi hicho hicho chini, jicho hukwama. Mwenye gari huenda asijue kinachomkera ni nini. Atasema tu kwamba gari limekaa vibaya, atauliza kama liligongwa bandarini, na usiku atatoka nje na tochi ya simu kulitazama tena.

Kuuweka sawa mstari huo ni kazi isiyo na jina kubwa mjini. Fundi wa bodi husifiwa kwa mengine: daladala iliyopinduka ikarudi barabarani, mlango uliobonyea ukanyooka, boneti iliyokunjamana ikapakwa rangi hata mwenyewe akashindwa kuonyesha palipoumia. Huko kuna nyundo, mtungi wa gesi, puti, msasa, na picha za kabla na baada. Anayerekebisha mkao wa bodi kwenye gari jipya hana picha ya kumwonyesha mtu. Gari limeingia zima na limetoka zima. Nadhani ndiyo sababu ninavutiwa na mzee mmoja wa Gerezani, Dar es Salaam, ambaye mafundi wenzake humsukumia kazi hizi, wengine kwa heshima, wengine kwa sababu hawataki kupoteza siku nzima kwa ajili ya milimita mbili.

Kazi niliyomwona akiifanya ilikuwa ya dabo kabini nyeupe, mpya kiasi kwamba viti vilikuwa bado na nailoni. Ilitoka dukani ikapelekwa moja kwa moja kwa vijana wa kufunga ngao, lile bampa zito la mabomba ya chuma ambalo kila mtu wa safari za mikoani analitaka. Ikarudi na ngao, na malalamiko juu yake. Mwanya wa fenda ya kushoto ulikuwa mpana juu na mwembamba chini. Mlango wa dereva ulitaka kubamizwa ndipo ufunge. Bodi la mizigo nalo lilionekana limekwenda upande. Kijana aliyeileta alitoa shikamoo, akaitikiwa marahaba, na kabla hajamaliza maelezo mzee alikuwa ameshamwambia aisogeze kivulini, azime, aiache hapo.

Kuiacha ndiyo hatua ya kwanza, na ndiyo inayowashinda wengi. Chuma hurefuka kwa joto: kila mita moja huongezeka takriban mikroni 12 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Boneti ya urefu wa mita 1.2 iliyoamka asubuhi ikiwa na nyuzi 30 na kufika 70 juani imerefuka zaidi ya nusu milimita, ilhali vyuma vilivyo chini yake, vilivyokaa kivulini, havijarefuka hivyo. Alumini ni mkorofi zaidi, karibu mara mbili ya hapo, na bodi za alumini si jambo la kufikirika tena. Ford F-150 inayo tangu toleo la 2015. Ukipima mwanya saa saba mchana katikati ya uwanja, unapima jua. Mzee hazitaji namba hizi. Anaweka kiganja juu ya boneti, kisha ubavuni mwa fenda, kisha kwenye mlango, anaondoka, anarudi baadaye anagusa tena. Viganja vikimwambia kwamba bati zote zina joto moja, ndipo anavuta kigoda.

Ana rula ya chuma na kalipa kwenye droo, lakini kwenye rangi ya mtu hapitishi chuma. Anatumia kadi za benki zilizoisha muda wake, alizozigandisha kwa gundi katika mafungu ya kadi tatu, nne, tano na sita. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76 popote duniani, kwa kuwa hicho ni kipimo cha kimataifa. Kadi tano ni milimita 3.8, sita ni karibu 4.6. Plastiki haikwaruzi. Anaingiza fungu kwenye mwanya na kuliteremsha polepole, na anachosikiliza si kama linapita bali linapita kwa ukinzani gani, wapi linalegea na wapi linang'ang'ania.

Upana wa mwanya ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni usawa: je, uso wa bati hili uko sawa na uso wa lile lililo jirani yake, au mmoja umetokeza? Kwa hilo anatumia ukucha wa kidole gumba. Anaupitisha kutoka fenda kwenda mlangoni, kisha kutoka mlangoni kurudi kwenye fenda. Ukucha ukiteleza vizuri kwenda nyuma na kukwama kidogo sana ukirudi mbele, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Bati la mbele linaruhusiwa kutokeza unywele mmoja kuliko la nyuma yake, kwa sababu upepo unatoka mbele. Likiwa kinyume, ukingo wa mlango huuchota upepo, na gari likifika kasi ya barabara kuu huanza kupiga mluzi ambao dereva atadhani ni raba ya kioo. Atabadilisha raba, na mluzi utabaki.

Kisha yakaja maswali, na hapa ndipo nilipoanza kuheshimu subira yake kwa dhati. Mwanya mpana juu na mwembamba chini humtaja mshtakiwa mmoja haraka sana: mlango. Bawaba zikilegea, ncha ya nyuma ya mlango hushuka. Kichwa cha mlango hurudi nyuma na mguu wake husogea mbele, na mwanya wa fenda hupata umbo hilo hilo la kabari. Fundi mwenye haraka angeshika spana ya bawaba papo hapo. Mzee alikwenda kwanza kuuliza upande wa pili, kwenye mwanya kati ya mlango wa mbele na wa nyuma. Kama mlango ungekuwa umeshuka, mwanya huo ungebana juu na kupanuka chini, kinyume cha mwenzake. Fungu la kadi tano likashuka juu hadi chini kwa ukinzani uleule. Mlango haukuwa na hatia. Aliyesogea alikuwa fenda: pua yake imeinama, na kwa kuinama huko sehemu yake ya juu imevutwa mbele na ya chini imesukumwa nyuma.

Akalala chali chini ya ngao. Vijana walikuwa wamelegeza bolti za mbele ili kupitisha mabano yao, kisha wakazikaza ngao ikiwa bado inaning'inia, na uzito wake ukaishusha fenda nao. Hawakuvunja kitu. Walikaza tu katika wakati usiofaa. Ukitazama juu ya fenda utaona bati limekunja uso bila sababu. Ukitazama chini utaona sababu yote imeandikwa kwenye alama za washa, mahali ilipokuwa na mahali ilipohamia.

Kazi hii ina utaratibu ambao haukubali ujanja. Kabini ya pikapu imechomelewa, na nguzo zake haziendi popote bila mashine ya kuvuta. Hapo ndipo kila kitu huanzia. Mlango wa nyuma hupangwa kuifuata kabini, mlango wa mbele huufuata wa nyuma, fenda huufuata mlango wa mbele, boneti huzifuata fenda mbili, na taa, shoo na bampa hupokea kilichobaki. Anayeanzia mbele kwa sababu ndiko kunakoonekana vibaya atavisukuma vipande kimoja baada ya kingine hadi afike kwenye nguzo iliyochomelewa, na hapo hana pa kusukumia tena. Nimeona magari ya namna hiyo: taa zimekaa vizuri kabisa, shoo imenyooka, na mlango wa nyuma haufungi.

Sababu ya utaratibu huo ni kwamba kosa kwenye bodi ya gari haliwezi kufutwa. Linaweza kugawanywa tu. Bati la nje, ambalo kwa kawaida lina unene wa milimita 0.7 au 0.8, limegongwa na mashine yenye uhuru wake mdogo wa kukosea. Kabini imeunganishwa kwa matone mengi ya moto, na kila tone limevuta chuma kidogo. Bawaba ina nafasi yake, raba ina yake. Kasoro hizo zote hujumlishana, na jumla yake lazima itokee mahali fulani. Ufundi ni kuchagua itokee wapi. Fundi cherehani anayeunga kitenge cha mistari anaijua hesabu hii: kitambaa kikipungua, mistari huachwa ipishane kwapani, kifuani ikutane. Mzee alikuwa na zaidi ya milimita moja ambayo haikuwa na kwao. Aliigawa kati ya mwanya wa mlango, ukingo wa boneti na ule wa taa, na sehemu kubwa akaipeleka chini ya bampa, ambako mtu hafiki isipokuwa amebadilisha tairi.

Viwanda vikubwa navyo vimeihangaikia milimita hii. Ferdinand Piëch, aliyekuwa mkuu wa Volkswagen kuanzia 1993 hadi 2002, alijulikana kwa kuwabana wahandisi wake kuhusu upana wa mianya ya bodi kuliko wakuu wengi wa zama zake. Lexus, mwaka 1992, ilitengeneza tangazo la televisheni ambamo gololi ya chuma ilibiringishwa kufuata mianya ya gari bila kuanguka; walibiringisha gololi na ikatosha. Kisha kuna Cybertruck, pikapu ya Tesla iliyoanza kukabidhiwa wateja Novemba 2023. Miezi michache kabla, Elon Musk aliwaandikia wafanyakazi akitaka vipande vyake vyote vitengenezwe kwa usahihi wa chini ya mikroni 10, akitoa mfano wa matofali ya Lego na makopo ya soda. Hoja yake ya msingi ilikuwa ya kweli: gari la bati zilizonyooka, lisilopakwa rangi, halina pa kuficha kosa. Lakini mikroni 10 ni kidogo kuliko mita moja ya chuma inavyorefuka kwa nyuzi moja tu ya joto. Kiganja cha mzee wangu, kikikaa juu ya bati kwa dakika, kinaivuka.

Ninachokiona cha kujifunza kwenye pikapu hiyo ni kingine. Machi 2025 Tesla iliyaita magari zaidi ya 46,000 ya aina hiyo kwa kuwa utepe wa chuma ulio pembeni mwa kioo cha mbele, ulioshikwa kwa gundi, uliweza kubanduka gari likiwa njiani. Gundi ikishakauka imekauka. Bolti ina msamaha. Matundu ya bolti za fenda na bawaba kwa makusudi ni makubwa kuliko bolti zenyewe, mengine ni marefu kama yai, na washa pana hufunika pengo. Mhandisi aliyechora tundu kubwa kuliko bolti alijua kwamba vipande havitakuja sawasawa na kwamba kuna mtu, mahali asipopajua, atakayehitaji kuvisogeza. Mtu huyo anaweza kuwa mfanyakazi wa Nairobi kwenye kiwanda cha Isuzu, au wa Mombasa, ambako pikapu huunganishwa kutokana na vipande vilivyokuja na meli, au mzee wa Gerezani mwenye kadi za benki.

Hakushika spana kabla ya kushika penseli. Alichora mduara kuzunguka kila washa ili, mambo yakiharibika, kuwe na mahali pa kurudi. Akabandika tepu kwenye ukingo wa mlango na ukingo wa fenda, tabaka mbili, kwa kuwa bati mbili zikigusana wakati wa kusogeza ndipo rangi hubanduka, na rangi ya kiwandani haina ya kufanana nayo. Akaweka jeki chini ya ngao, kipande cha mbao juu ya jeki, akaipandisha hadi uzito wote ukawa wa jeki. Dogo anayemsaidia alikuwa tayari na spana namba 10 kwa ajili ya bolti zote. Mzee akamrudisha.

Fenda imeshikwa na safu ya bolti chini ya boneti, moja au mbili nyuma ambazo huonekana mlango ukiwa wazi, nyingine chini karibu na kizingiti, na nyingine mbele nyuma ya taa. Alilegeza za mbele, na zile za safu ya juu akazilegeza nusu mzunguko tu. Ya nyuma juu, karibu na nguzo ya kioo, akaiacha imebana kiasi, ili fenda yote izunguke juu ya bolti hiyo moja. Hapa pana tofauti kati yake na wengi. Kufungua kila kitu hukupa uhuru, lakini hupoteza habari. Bati lililolegea pande zote halikuambii tena lilitaka kwenda wapi.

Akaingiza kadi tano juu ya mwanya na kadi tano chini, akaiinua pua ya fenda kwa kiganja, polepole, hadi mafungu yote mawili yakashikwa kwa nguvu sawa. Kisha akafanya jambo ambalo mwanzoni nililiona kama kuharibu: aliipitisha kidogo. Mwanya uliokuwa mpana juu sasa ulikuwa mwembamba juu, kwa kiasi cha nusu milimita hivi. Sababu ilijitokeza spana ilipoanza kuzunguka. Bolti inapokazwa, washa hujaribu kuzunguka nayo na huliburuta bati upande ambao spana inakwenda. Fenda iliyokaa vizuri kabla ya kukazwa haitakaa vizuri baada ya kukazwa. Kwa hiyo aliiweka mahali ambapo haikutakiwa kuwa, akakaza robo mzunguko mbele, robo juu, robo mbele tena, na bolti zenyewe zikaivuta hadi nyumbani. Akachomoa kadi. Akarudia ukucha. Akalegeza bolti moja, akasogeza kitu ambacho sikukiona, akaikaza tena.

Ngao ilipata washa nene kati ya mabano yake na chasisi, ili ibebwe na chasisi na isiiguse fenda hata kidogo. Hilo lilikuwa tiba yenyewe. Bila hilo fenda ingeinama tena kabla ya kufika Chalinze.

Kwenye boneti palikuwa na uchafu wa watu wengine. Pua ya fenda iliposhuka, upande wa kushoto wa boneti ulionekana umetokeza juu yake, na vijana wa ngao, wakitaka kuficha, walikuwa wamezungusha raba ya kushoto hadi ikazama. Raba hizo mbili, moja kila pembe ya mbele, ndizo boneti hukalia; zina uzi wa skrubu na urefu wake hubadilishwa kwa vidole. Mzee aliweka kipande cha karatasi juu ya raba, akafunga boneti, akavuta. Karatasi ikatoka bila kukwama, maana yake boneti haikuwa imeigusa raba na ilikuwa ikining'inia kwenye loki. Kwenye lami nzuri hutajua. Kwenye makorongo boneti hiyo ingecheza hadi ikaikwaruza fenda kwa ndani. Akairudisha raba juu robo mzunguko kwa robo mzunguko, karatasi ikishikwa kidogo zaidi kila mara, mpaka kushoto na kulia zikashika sawa. Bawaba za boneti hakuzigusa, kwa kuwa hakuna aliyezilaumu.

Mlango wa dereva ulikuwa habari nyingine, na hii haikuwa ya vijana wa ngao. Milango ya gari, katika viwanda vingi, hufungwa mitupu, hupakwa rangi pamoja na bodi, kisha hung'olewa ili iwekewe vioo, mota, spika na mapambo, na hurudishwa ikiwa na uzito mpya. Ndiyo maana huning'inizwa juu kidogo ya mahali pake, ili uzito uishushe. Mara nyingine hesabu hiyo hukosea, na mtu wa mwisho kwenye mstari husahihisha kwa njia fupi: anaipandisha pini ya nguzo, kile chuma chenye umbo la U ambacho loki hukiuma, ili iubebe mlango. Mlango ukifungwa, mistari yote inalingana. Ukifunguliwa, unashuka. Na kila unapofungwa unapanda ngazi, na ndiyo sababu unataka kubamizwa. Abiria wa Dar, tuliolelewa kwa karipio la "funga taratibu", hatuuwezi mlango wa namna hiyo. Tunaufunga kwa adabu na taa ya mlango inabaki inawaka.

Njia ya kuujua ukweli ni kuing'oa pini kabisa. Bila pini, mlango hukaa kadiri bawaba zinavyotaka, na hauwezi kudanganya. Aliufunga mlango usioshikwa na kitu, akautuliza kwa kidole, akatazama. Ulikuwa umeshuka nyuma, pungufu ya milimita mbili. Akamwita dogo aushike mlango kwa chini kwa mikono miwili, juu ya taulo lililokunjwa, wakalegeza bawaba ya juu pekee kwenye nguzo, wakauinua mlango kwa pumzi moja, wakakaza. Wakapima. Wakarudia. Mara ya tatu ukatulia ambapo mstari wa ubavuni ulikutana na ule wa mlango wa nyuma, pini ikiwa bado mezani. Ndipo pini ikarudishwa, ikakazwa kwa wepesi, mlango ukafungwa taratibu ili loki yenyewe iitafutie pini mahali pake, ukafunguliwa, na bolti zikakazwa moja kwa moja. Pini sasa ilikuwa na kazi moja tu, kuushika mlango. Kuubeba ilikuwa imerudi kuwa kazi ya bawaba.

Kwa mtu wa mjini hayo yote ni urembo. Kwa pikapu inayokwenda barabara za changarawe si urembo. Raba ya mlango hufanya kazi ikibanwa kiasi maalumu. Isipobanwa inapitisha vumbi, ikibanwa kupita kiasi inakufa mapema. Mzee alizungusha karatasi kuzunguka mlango wote, akiifungia na kuivuta kila baada ya shubiri moja, na alipofika pembe ya juu nyuma, karatasi ikatoka kirahisi kuliko kwingine. Akaisukuma pini ndani kwa kiasi ambacho sikuweza kukiona, akajaribu tena. Baada ya hapo dogo alijifungia ndani ya kabini akiwa na tochi, turubai likafunikwa juu, na mzee akazunguka nje chini ya turubai akitafuta mwanga.

Bodi la mizigo lilibaki, na lilimshughulisha kijana kuliko yote kwa sababu ndilo lililoonekana zaidi. Kati ya kabini na bodi hilo palikuwa na milimita 22 kushoto na 17 kulia. Lakini mwanya huu si wa jamii ya ile mingine. Kabini imekaa juu ya raba nene. Bodi la mizigo limefungwa kwenye chasisi. Na chasisi ya pikapu imetengenezwa ijipinde. Gurudumu moja likiingia shimoni, kabini na bodi huegemea pande tofauti, na mwanya mpana ndio unaozizuia zisigongane. Yeyote anayetaka kuubana uwe mwembamba kama wa mlango anaomba bati zigombane.

Mzee alivuta kamba kutoka pembe ya kabini hadi pembe ya nyuma ya bodi, mshazari, kisha mshazari wa pili, akalinganisha. Kabini ilikuwa sawa na chasisi. Bodi lilikuwa limefungwa limegeuka kidogo. Kabla ya kulegeza bolti hata moja, akafungua skrubu za mdomo wa kujazia mafuta, ambao umeshikwa kwenye bodi huku tangi likiwa kwenye chasisi. Asiyekumbuka hilo hupata bodi lililonyooka na mpira wa mafuta uliochanika. Bolti zikalegezwa zote isipokuwa moja ya pembeni, ubao ukawekwa kati ya bodi na jeki, msukumo mmoja mfupi. Akapima: 20 na 19. Akaanza kukaza.

"Mzee, bado moja," kijana akasema.

"Hiyo ni yako," akajibu, akaendelea kukaza.

Kijana akaonyesha pia kwamba mstari wa ubavuni wa bodi uko chini ya ule wa kabini kwa milimita chache. Mzee alikwisha kuuona. Aliuliza gari litabeba nini, akaambiwa saruji na mabati kwenda shambani Handeni, akasema basi mstari huo utahama kila siku ya safari, na hakuurudia tena.

Kichwa cha kila bolti iliyoguswa kilikuwa sasa na chuma kinachong'aa mahali spana ilipochubua rangi. Kwa hewa ya chumvi ya Dar hiyo ni kutu kabla ya mvua za masika. Na siku gari litakapouzwa, mnunuzi mwenye macho atafungua boneti, ataziona bolti zilizochubuka, na atakata kauli kwamba limegongwa. Alizisafisha na kuzipaka rangi kwa brashi ndogo, moja baada ya nyingine, akafuta alama za penseli ambazo hazikuhitajika tena na kuziacha zile za bawaba. Kisha akaandika kwenye karatasi ya daftari bolti zipi zilifunguliwa na kwa nini, ili mwenye gari awe na la kusema dukani wakiuliza habari ya dhamana.

Chini yake aliongeza mambo mawili ambayo hayakuwa kazi yake. Taa ya kushoto imesogea pamoja na fenda, kwa hiyo mwanga wake upimwe upya kabla ya safari ya usiku. Na nyuma ya shoo kuna rada inayotazama gari la mbele. Ngao imekaa karibu nayo, na kuijua kama bado inaona vizuri kunahitaji mashine ya duka, si macho. Kijana aliisoma karatasi, akauliza kama hiyo rada haiwezi kusubiri. Mzee alimwambia amuulize mwenye gari, siyo yeye, akamwita dogo alete jeki kwa ajili ya Noah iliyokuwa ikisubiri tangu asubuhi.